Bayopsi inasema Burkitt, kipimo cha kromosomu kinakataa. Tumwamini nani?

#1 Mjomba wa Rorya
Wakuu habari. Mtoto wa dada yangu, miaka saba, alianza na jino la juu kulegea. Haikupita muda shavu likajaa na jicho likaanza kusukumwa nje. Hospitali ya rufaa walikata kinyama (bayopsi), majibu ya patholojia yakasema limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya seli za kinga. Wakamwanzishia dripu siku hizohizo na uvimbe ukanywea hata kabla ya dripu ya pili. Hapo wote tukashukuru.

Shida imekuja jana. Kipande cha kinyama kilekile kilipelekwa nje ya nchi kwa kipimo cha FISH, kile cha kromosomu. Tulilipa mfukoni, bima haikugusa. Majibu: jeni ya MYC haijahama, iko mahali pake. Daktari aliyekuwa zamu akasema Burkitt isiyo na MYC iliyohama ni kitu cha kujiuliza, akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Shemeji sasa anataka dawa zisimame mpaka ijulikane mtoto anaumwa nini. Naombeni wenye uelewa: aliyeangalia kwa hadubini na aliyetazama kromosomu, nani kakosea?

#2 Nyamongo Fundi
Shemeji apewe kazi ya kutafuta vocha na chai, habari ya dawa awaachie wenyewe. Pole mkuu, nakaa hapa kusoma.

#3 Daktari Nje ya Zamu
Mjomba, pole. Kabla ya yote: dawa zisisimamishwe kwa ajili ya karatasi hiyo. Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote, seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Mtoto aliyeitikia dawa za saratani, saiklofosfamaidi na vinkristini, akikatishwa katikati, uvimbe unarudi na mara nyingi unarudi mbishi. Mwambie shemeji kwamba kipimo cha FISH ni cha kuthibitisha. Hakuna mahali kimeandikwa mgonjwa asubiri.

Sasa nipe habari zaidi. Ripoti ya kwanza ina alama za protini za seli, yaani CD20, CD10, BCL2, TdT na Ki-67 (ile ya seli zinazogawanyika)? Na je, walipima EBER, yaani alama ya virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli?

#4 Kibatari
Nyie endeleeni kumzungusha. Watoto walipona hospitali ya Mulago, Uganda, miaka ya sitini kwa saiklofosfamaidi tu, hakuna aliyejua FISH ni mdudu gani. Leo ndugu anauza ng'ombe kulipia kipimo ambacho daktari hapo juu anasema ni "cha kuthibitisha" na dawa ziendelee. Kama hakibadili matibabu, kwa nini kilipwe? Biashara hiyo.

#5 Slaidi Mbili
Kibatari punguza moto kidogo. Mimi niko maabara ya histolojia, nieleze kinachofanyika ili tubishane tukijua.

Kila mtu ana jeni ya MYC kwenye kromosomu ya 8. Kazi yake ni kuamrisha seli igawanyike, na kwa kawaida inaamrishwa kwa kipimo. Kwenye Burkitt kromosomu ya 8 inakatika, kipande kinabadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 14, pale panapokaa jeni za kingamwili. Seli B kazi yake ni kutengeneza kingamwili, kwa hiyo eneo lile haliko kimya hata saa moja. MYC imehamia kwa jirani anayekesha na muziki, nayo hailali tena. Wagonjwa wanane kati ya kumi hivi wana mhamo huo wa 8 na 14. Waliobaki, MYC inakutana na kromosomu ya 22 au ya 2, ambako nako kuna jeni za kingamwili.

FISH yenyewe: unakata utepe mwembamba wa nyama kutoka kwenye bloku ya nta iliyohifadhi kinyama, unaubandika kwenye slaidi, unaondoa nta, unamwagia vipande vya DNA vilivyotiwa rangi. Kimoja chekundu kinanasa upande mmoja wa MYC, kingine cha kijani kinanasa upande wa pili. Unaacha usiku kucha vishikane. Kesho yake unaingia chumba cha giza. Viini vya seli vinaonekana bluu, na ndani yake vidoti. Nyekundu na kijani zikikaa pamoja unaona kama njano, maana yake MYC haijakatika. Zikiachana, imekatika. Unahesabu kiini kimoja kimoja, mia moja, mia mbili, shingo inauma. Hakuna mashine inayokwambia ndiyo au hapana, kuna mtu anahesabu.

#6 Prof Maji Marefu
Jibu ni rahisi sana. Uvimbe ulikuwa kwenye taya, na taya ni mfupa. Maabara zetu zikipata mfupa zinaulowesha kwenye asidi ili ulainike ukatike. Asidi inaharibu DNA. DNA ikiharibika, majibu yanatoka hasi. Uzi ufungwe.

#7 Bint Shangani
Maji Marefu, nusu yake umepatia. Asidi inaharibu DNA, khasa, ndiyo maana maabara nyingi hutumia EDTA, kemikali iliyo pole kwa DNA, kulainisha mfupa pale wanapotaka vipimo vya jeni baadaye. Lakini DNA ikishaharibika huoni vidoti kabisa, na ripoti huandikwa "kipimo hakikusomeka". Hasi ni kitu chengine: vidoti vimeonekana, vimehesabiwa, na vimekaa pamoja. Nafanya kazi hii Uholanzi, na hizo mbili hatuzichanganyi.

Mimi ningeuliza waliweka rangi gani. Burkitt ya Afrika na ile ya Ulaya hazikatiki pahala pamoja. Ya Ulaya mara nyingi kromosomu ya 8 hukatika ndani ya MYC yenyewe au ubavuni mwake. Ya kwetu, hii ya ukanda wa malaria, mkato unaweza kuwa mbali sana nje ya jeni. Ukikatika nje ya eneo ambalo rangi zimeshika, nyekundu na kijani zinahama zote pamoja na wewe unaona njano, unaandika hasi. Na ile mihamo ya 2 na 22, mkato hukaa upande wa pili wa MYC, nako pia unaweza kuwa mbali. Ndiyo maana wengine wakipata hasi kwenye mgonjwa anayefanana na Burkitt kwa kila hali huongeza kipimo cha pili, chenye rangi moja ya MYC na nyengine ya kromosomu ya 14, kuona kama vimekutana.

#8 Nyar Kisumo
Mjomba pole sana. Wangu alikuwa na miaka mitano, taya hivyohivyo. Mtu wa meno pale mtaani alimng'oa jino, halafu la pili, na uvimbe unazidi tu. Tulipofika hospitali ya maana tuliambiwa Burkitt kwa kuangalia slaidi ya sindano, hiyo ya kunyonya maji ya uvimbe na kupaka kwa kioo. Hakuna FISH, hakuna nini. Alidungwa dawa hadi kwa mgongo. Saa hii ako sekondari na ananidai simu.

Siwezi sema kipimo ni bure, lakini kwa watoto wa huku kwetu kando ya ziwa sijaona mzazi hata mmoja wodini ambaye alikuwa na hiyo karatasi.

#9 Kibatari
Umeona #8? Asante mama.

#10 Mjomba wa Rorya
Asanteni sana. Nimeipata ripoti ya kwanza na ya pili, nimezipiga picha. CD20 chanya, CD10 chanya, BCL2 hasi, TdT hasi, Ki-67 imeandikwa "karibu 100%". EBER haipo popote. Ya FISH inasema viini 200 vilihesabiwa, na rangi ni hizo za kutengana alizoeleza Slaidi Mbili. Kinyama kilikatwa kwenye fizi, wala hawakugusa mfupa, kwa hiyo habari ya asidi tuiweke pembeni.

#11 Prof Maji Marefu
Sawa, lakini kwa waliokatwa mfupa hoja yangu inabaki.

#12 Nyamongo Fundi
Uzi haujafungwa profesa.

#13 Slaidi Mbili
Fizi! Hapo nimeshtuka. Mtoto mwenye meno yanayolegea, fizi imevimba, ina vidonda, imejaa seli nyeupe za kawaida zilizokuja kupigana na wadudu. Mpatholojia kwenye bloku ile anajua kona ipi ina uvimbe na ipi ina uchafu wa kawaida. Bloku ikisafirishwa bila mtu kuchora duara kwenye slaidi kuonyesha "hesabuni hapa", aliyeko ughaibuni anaweza kuhesabu viini 200 vya seli zilizokuja kusaidia tu. Vyote njano, vyote sahihi, na bado havihusu saratani. Ulizeni: ripoti ya FISH imetaja ni asilimia ngapi ya kipande ilikuwa uvimbe?

Halafu fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama. Kinyama kikikaa humo muda mrefu kinasubiri gari la maabara, siku tatu nne na zaidi, vidoti vinafifia. Hiyo haileti hasi safi lakini inaleta hesabu ya kubahatisha.

#14 Daktari Nje ya Zamu
Kwa majibu ya #10 hayo, picha ni ya Burkitt kabisa. TdT hasi inaondoa ile saratani changa ya damu ambayo nayo huvimbisha watoto.

Lakini nitupie la kwangu. Kuna ugonjwa unaofanana na Burkitt kwa hadubini, kwa CD10, kwa Ki-67, kwa kila kitu, isipokuwa MYC haijahama. Badala yake kromosomu ya 11 ina sehemu imeongezeka na ncha yake imepotea. WHO waliuweka kwa muda kwenye orodha yao ya 2016 kama limfoma inayofanana na Burkitt, na kwenye toleo la 2022 wakaupa jina jipya, limfoma kali ya seli B yenye hitilafu ya 11q (yaani mkono mrefu wa kromosomu ya 11). Huwapata watoto na vijana. Ndiyo maana nauliza EBER: hizo za 11q kwa kawaida hazina virusi vya Epstein-Barr, wakati Burkitt ya watoto wa Kanda ya Ziwa karibu zote zinavyo. EBER ikiwa chanya, 11q naifuta. Ikiwa hasi, tuongee.

#15 Kibatari
Wataalamu watatu, majibu matatu: rangi hazikufika, walihesabu seli zisizo zake, ugonjwa mwingine kabisa. Na kila jibu lina bili yake. Mimi sina swali zaidi.

#16 Bint Shangani
Kibatari, 11q sijaikataa, lakini mtoto wa Rorya, miaka saba, taya, jicho linasukumwa? Ukimpa mwanafunzi wa mwaka wa tatu maelezo hayo bila ya slaidi atakwambia Burkitt. Mimi bado naelemea kwenye mkato wa mbali.

#17 Mzee Kashozi
Vijana mnazungumzia Burkitt bila kumtaja mwenyewe. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Mulago, Kampala. Jicho moja alilipoteza utotoni. 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto, akashangaa, na mwaka uliofuata akaandika. 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakaenda maili 10,000 kutoka Uganda kupitia Tanganyika mpaka kusini, kila hospitali wanauliza: mmeona watoto wa namna hii? Wakagundua nyanda za juu zenye baridi hazina. Kisha akagundua virusi vyenyewe.

#18 Prof Maji Marefu
Mzee shikamoo. Virusi hakugundua yeye. Ni Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, London, 1964. Epstein alimsikia Burkitt kwenye mhadhara mwaka 1961 akaanza kuagiza vinyama kutoka Kampala kwa ndege. Desemba 1963 ukungu uliifunga London, ndege ikatua Manchester. Mzigo ulipofika maji yake yalikuwa yamechafuka, wangemwaga wakidhani ni bakteria. Kuangalia, ni seli za uvimbe zinaelea ziko hai! Wakazikuza, na humo virusi vikaonekana. Wazungu wanatuambia tupeleke sampuli haraka, kumbe iliyochelewa ndiyo iliyowapa jina.

#19 Mzee Kashozi
Marahaba. Nimekusikia.

#20 Slaidi Mbili
Hiyo ya #18 naiheshimu, ila msiifanye mwongozo wa kutunza sampuli tafadhali.

Nyongeza: habari ya kromosomu nayo ilianzia kwenye seli za kwetu. 1972 wanandoa Wabulgaria, Manolov na Manolova, wakiwa Sweden, waliona kromosomu ya 14 ina mkia uliozidi. 1976 Lore Zech wa Stockholm akaonyesha mkia ule umetoka kwenye ya 8. Kuwa aliyehama ni MYC ilijulikana 1982. Wakati huo kipimo kilitaka seli hai, unazisimamisha zikiwa zinagawanyika ndipo unaona kromosomu nzima. FISH ilipokuja ikaturuhusu kutumia nyama iliyokwisha kufa ndani ya nta. Kwa hospitali ya wilaya hiyo ni tofauti kubwa sana.

#21 Nyamongo Fundi
Huyo Burkitt si ndiye aliyekuja kuwaambia Wazungu wale chakula chenye nyuzinyuzi wapate choo kizuri?

#22 Prof Maji Marefu
Ndiye huyohuyo, miaka ya sabini. Ugali wa dona ulipata wakili bila kumlipa.

#23 Nyamongo Fundi
Basi nitoe hoja yangu ya kienyeji. Kromosomu zinakatika kwa nini kwetu tu? Bibi yangu alikataza kuchezea utomvu wa minyaa. Nyumba zote za ukoo zimezungushiwa ua wa minyaa. Nimewahi kusikia wanasayansi wanaisema.

#24 Bint Shangani
Umesikia sahihi. Utomvu wa mnyaa ulipojaribiwa maabara uliviamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyolala ndani ya seli. Kutoka hapo mpaka kusema ua wa bibi umemletea mtoto saratani kuna safari ndefu, na wengi wanaweka uzito zaidi kwenye malaria. Kuna kimeng'enya kiitwacho AID, ndicho seli B hutumia kukatakata DNA yake yenyewe ili iboreshe kingamwili. Malaria ya kujirudiarudia inawasha kinga mfululizo, AID inafanya kazi bila kupumzika, siku moja inakata pasipo pake, na MYC inahama. Kwa panya hilo limeonyeshwa.

#25 Otieno wa Shirati
Malaria mnayosema ilijaribiwa kwetu. 1977 hadi 1982 watoto wa North Mara tuligawiwa klorokwini mara kwa mara ili waone kama Burkitt itapungua. Nakumbuka uchungu wa kile kidonge, tulikuwa tunakificha chini ya ulimi na mwalimu anajua. Sijawahi kuelewa iliishia wapi.

#26 Daktari Nje ya Zamu
Ilichapishwa 1989. Burkitt ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla vidonge havijagawiwa, na malaria ikarudi kupanda hata vidonge vikiwa bado vinatolewa. Kila upande unautumia utafiti huo kutetea hoja yake.

#27 Otieno wa Shirati
Kumbe uchungu wote ule.

#28 Salama K
Nimechelewa ila nimjibu Kibatari wa #4. Mama yangu, mtu mzima wa miaka sitini na, alikutwa na limfoma ya seli B kubwa. Tungeishia kwenye hadubini angepewa zile dripu za kawaida pamoja na rituksimabu. FISH ikaonyesha MYC imehama, na jeni ya BCL2 nayo imehama, kati ya kromosomu ya 14 na ya 18. Madaktari wanaita pigo mbili. Wakabadilisha mpango, akalazwa kwa dawa kali zaidi za kuingia taratibu usiku na mchana. Kwa mtu mzima kipimo hicho kilitubadilishia kila kitu, kwa hiyo usiwaambie watu wote ni biashara. Na MYC kuhama peke yake hakutoshi kusema Burkitt, hata hizo za mama zinayo.

#29 Kibatari
Salama, hiyo naikubali kwa mama. Uzi huu ni wa mtoto wa miaka saba aliyekwisha kunywea uvimbe.

#30 Salama K
Na mimi sijasema mtoto akapimwe tena.

#31 Mjomba wa Rorya
Nimesoma yote na shemeji amesoma kuanzia #3. Dawa zinaendelea, dripu inayofuata ni Jumatatu. Ripoti ya FISH haijataja asilimia ya uvimbe popote. Daktari bingwa amekubali EBER ifanyike kwenye bloku iliyobaki, na mpatholojia achore eneo lenye uvimbe. Kipimo cha pili cha rangi amesema tusubiri EBER kwanza. Sasa bloku wanataka niibebe mwenyewe kwa basi hadi maabara nyingine. Kuna masharti?

#32 Slaidi Mbili
Iwe kwenye kimfuko kilichofungwa na namba ya maabara iliyoandikwa kwa penseli, wino wa kalamu unafutika. Chukua na nakala ya ripoti ya kwanza, siyo ya FISH peke yake. Usiweke kwenye dashibodi wala begi la juu ya basi, nta inalainika kwa joto. Mfuko wa shati unatosha. Na usiiache hapo mapokezi mpaka mtu asaini kwamba ameipokea, kisha dai irudishwe. Bloku ni mali ya mgonjwa kuliko karatasi zote ulizonazo.

#33 Bint Shangani
EBER ikirudi chanya, niandikie hapa. Nadau mkato wa mbali.

#34 Slaidi Mbili
Seli za fizi. Naweka soda.

#35 Daktari Nje ya Zamu
11q bado iko mezani mpaka karatasi irudi. Mjomba, kabla ya Jumatatu mtoto anywe maji mengi na asiache vidonge vya alopurinoli, vya kulinda figo. Uvimbe mkubwa ukivunjika kwa haraka figo ndizo zinazolipa.

#36 Nyamongo Fundi
Kibatari, wewe unadau nini?

#37 Kibatari
Nauli ya basi. Mjomba nitumie namba ya kuchangia kwa ujumbe wa siri.